Jumanne, Chumba cha Juu ya Maktaba

Grimsby, saa moja jioni, Februari.
Bomba la kupashia joto linagonga ukutani
kama mgeni aliyechoka kubisha hodi.
Watu saba wamevua makoti. Mmoja hakuvua:
Danguolė, aliyetoka moja kwa moja zamu ya samaki,
anaamini koti linaizuia harufu isitutembelee.
Nimeandika ubaoni JANA. Nimeandika KESHO.
Kati yake nimeacha upana wa kiganja.

Jana ni rahisi, nasema, nami najua nadanganya.
Kitenzi hupewa mkia wa herufi mbili,
kikatulia nyuma yetu kama mbwa aliyeshiba.
Lakini vile vya kila siku,
vya kula, kunywa, kulala, kupata, kupoteza,
vimekaa vinywani hadi vikaota jeuri,
kama wajomba waliokataa kuvaa tai harusini.
Na "go", kitenzi cha kwenda, ndicho kiongozi wao:
leo kinatoka kwa mlango wa mbele,
ukikiulizia jana yake kinaingia na uso wa mtu mwingine,
"went",
na sisi sote tunajifanya tunamfahamu.

Hewa, kinyozi, anauliza kwa nini.
Nasema: wafalme, vita, uvivu.
Anaandika daftarini: uvivu.

Kisha vipo visivyobadilika kabisa.
Kukata kwa leo ndiko kukata kwa jana.
Na "hurt", kuumia, neno ni lilelile.
Danguolė anacheka, mara ya kwanza tangu Oktoba.
Alikwenda kwa daktari, anatusimulia,
akaonyesha mgongo, akasema neno hilo moja.
Leo au zamani? daktari akauliza.
"Nikasema 'hurt'. Akauliza tena. Nikasema tena.
Nani alikosea?"
Hakuna, nasema. Sarufi iko upande wako.

Haya, kesho.
Kiingereza hakina kesho ya kwake, huazima.
Kimeazima "will", neno lililokuwa la kutaka,
na ambalo, Thu amelichimbua kwenye simu yake,
ndilo hilohilo la wosia.
"Kwa hiyo Mwingereza akisema atakuja," anauliza Thu,
akipuliza kucha zake, "anaahidi au anakufa?"
Nilisomea kazi hii miaka mitatu kule Hull,
hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.
Mama yangu aliacha wosia wa ukurasa mmoja:
Keith atachukua saa ya ukutani,
Winifred ataacha sigara.
Saa imesimama. Mimi bado.

Zoezi la mwisho: sentensi moja, Jumanne ijayo.
Kalamu zinakwaruza. Nje shakwe wanagombania chipsi.
Napita nyuma ya viti nikisoma juu ya mabega.
Hewa atanunua viti viwili vya kunyolea.
Thu atalala.
Danguolė ameandika kwa herufi kubwa, akakandamiza
hadi karatasi ikakaribia kutoboka:
*Jumanne ijayo mimi nita-nilikuwa hapa.*

Nanyanyua kalamu nyekundu.
Kiwanda kimewapunguza. Ndege yake ni Jumamosi.
Kule Kretinga kuna binti, na chumba kilichopakwa rangi.
Kosa ni kosa, vitenzi hivi havikai kiti kimoja.
Ipo namna sahihi ya kulisema hilo,
ndefu, ya visaidizi vinavyoshikana mikono
kama watoto wanaovuka barabara.
Iko kitabu cha pili, sura ya kumi na moja,
kozi ambayo halmashauri imeifuta kuanzia Aprili.

"Si sahihi?" anauliza.

Kalamu inavuja kidogo kidoleni.
Namwambia avue koti, kuna joto humu.
Anavua. Harufu ya samaki inaingia darasani,
inavuta kiti, inakaa nasi hadi saa tatu,
na Jumanne iliyofuata, nilipowasha taa,
bado ilikuwepo.