Kipimo cha Shangazi Zuwena

Mimi nilikuwa na daftari la hesabu, lile la miraba,
nikiandika jina la filamu, tarehe, na nyota:
tano kwa iliyonikosesha usingizi,
moja kwa ile ya mwizi aliyesahau alichokuja kuiba.
Shangazi Zuwena alikuwa na sindano.

Kila Alhamisi nilikwenda Bondeni kwa Twalib,
duka lenye upana wa mlango wake,
nikachagua sidii tatu kwa bei ya mbili.
Siku moja akaniongeza ya nne: "Ina mkwaruzo, we jaribu."
Nyumbani tukaupaka mkwaruzo dawa ya meno
tukaufuta kwa pindo la leso, polepole,
kama anayempaka mtoto mafuta utosini.

Deki ikikohoa, feni ikilalamika,
Shangazi huketi jamvini, mgongo ukutani,
bafta mapajani, ua la penseli limeshachorwa,
na matundu ya kofia yakaanza:
toboa, zungusha, kaza.

"Hiyo umeipa ngapi?" huniuliza majina yakipanda.
"Nyota nne."
Huhesabu kwa ukucha.
"Mimi matundu thelathini na mawili.
Filamu ya matundu thelathini na mawili
si filamu hiyo, ni redio."

Ndipo nikakielewa kipimo chake, kilivyopinduka.
Wanajeshi waliruka ghorofa tatu, kifungo hakikukatika:
ishirini na tisa, safu nzima ya juu.
Wapenzi waliimba mlimani wakibadili nguo kila ubeti:
kumi na nane. "Nimewahurumia kwa zile nguo."
Ya jini aliyeishi ndani ya friji: hamsini,
na usingizi ukampitia, akajidunga kidole,
tone moja la damu, upande wa ndani.
Stima ilipopotea kabla muuaji hajajulikana
alinitajia yeye, gizani, na sababu zake;
stima iliporudi, ndiye.
"Mshonaji," akasema, "huanza kutazama mshono."

Usiku wa ile ya mkwaruzo
lugha hatukuijua, na maandishi ya chini
yalikuwa ya lugha nyingine, nayo hatukuijua.
Mwanamke anaosha vyombo. Sahani. Sahani. Sufuria.
Dirisha. Mvua ya kwao, nyembamba, isiyo na haraka.
Robo saa nzima naitafuta rimoti chini ya mito.
Kisha yule mwanamke akakaa sakafuni,
povu likimchuruzika viwikoni,
akacheka. Peke yake. Hakuna aliyemchekesha.

Nikageuka niseme tubadilishe.
Sindano ilikuwa imesimama hewani, uzi umelegea,
na Shangazi anacheka, kwa tumbo, bila sauti,
nilivyokuwa sijamwona
tangu alipohamia kwetu kutoka kwa mumewe
na sanduku moja, na cherehani isiyo na miguu.

Niliandika: Nyota moja. Hakuna kilichotokea.
Yeye siku hiyo hakuhesabu.
Aliomba tu sidii isirudishwe kesho,
nikamlipa Twalib faini ya siku sita.

Kofia ile niliivaa siku ya kuoa, Kibokoni,
imefuliwa, imetiwa wanga, imesimama kama bakuli.
Juu ya sikio la kushoto pana uwazi wa vidole viwili,
bafta tupu, hata penseli imekwisha kufulika.
Shahidi wangu akaninong'oneza:
"Bwana, kofia yako haijamalizwa."
Nikamwambia ya kwangu ndiyo iliyomalizwa.
Hakunielewa, na kadhi alikuwa ameanza.

Daftari bado ninalo.
Juzi nilijaribu kuifuta ile nyota moja
niandike nyingine juu yake, nne, au tano.
Raba ilikuwa kuukuu, ngumu kama kokwa.
Karatasi ikachubuka, ikatoboka:
katikati ya mraba, tundu.
Sijaandika kitu hapo.