Herufi Isiyosema

Maneno kumi kila Ijumaa. Bi. Kageha
aliyaandika ubaoni kwa chaki ya kijani,
akapiga mstari, akapangusa mikono.
Nami niliyanakili nyuma ya risiti za majani chai,
upande usio na kilo wala makato,
nikayabandika kwa uji mzito:
moja mlangoni, moja kwenye kopo la chumvi,
moja ubavuni mwa mtungi wa maji.
Hilo lililowa, likavimba, likafutika,
ndiyo sababu hadi leo silijui.

Amugune, mwenzangu wa dawati,
aliyatumia kumtukana mbuzi wao.
Sidhani kuna mbuzi mwingine Mudete
aliyetukanwa kwa silabi sita.

Neno la saba, muhula wa pili, lilikuwa fupi.
Lilikuwa na herufi moja isiyosema,
imeketi kabla ya ile ya mwisho
kama mkwe siku ya kwanza ukweni.
Niliisahau. Bi. Kageha akalizungushia pengo wino mwekundu.
Tisa kwa kumi.
Nikanuna hadi Jumapili:
mbona niiandike, kama yenyewe haitaki kusema?

Agosti nilimsindikiza mama Kisumu,
hospitali ile kubwa tuiitayo Rusia.
Uvimbe kwapani, kama punje ya njugu mawe;
miezi minne alisingizia mkanda wa kikapu cha chai.
Daktari kijana akasoma karatasi kwa Kizungu,
haraka, kama kondakta anayehesabu chenji.
Mama hakungoja. Alisikia Kizungu,
akasikia msiba.
Akaanza kunigawia vitu pale pale kwenye benchi:
ng'ombe, deni la mbolea,
mdogo wangu alelewe na shangazi yupi.

Nikaomba karatasi.
Mstari wa tatu, lilikuwapo,
na herufi yangu imeketi mahali pake,
kimya, mikono mapajani.

"Mama," nikasema,
Kiswahili kikanikauka, Kilogooli kikanikauka,
"uvimbe huu ni... mpole."
"Mpole?"
"Hauli mtu. Hauhami."
Akanitazama kama anayekagua noti ya elfu.
"Ndivyo walivyoandika?"
"Ndivyo walivyoandika."

Akajifunga leso upya, kwa nguvu.
Getini akasimama.
"Na neno hilo, shuleni, ulipata ngapi?"
Nikamwambia ukweli.
Akacheka hadi mlinzi akageuka.