Tarakimu Nne Ubavuni

Honda yangu ilianza pamoja na ndoa yangu
ikaishi kuipita.
Kiti kimeshonwa mara tatu, mara ya mwisho kwa khanga
iliyobakiwa na nusu ya jina lake.
Taa hutazama kushoto kidogo,
kama mtu anayesikiliza ya jirani.

Siku niliyoteleza mteremko wa Mtambwe
sikuanguka kwa mwendo. Nasema kweli.
Mtu alikuwa ameanika makonyo pembeni mwa lami,
nikayakanyaga, na tairi la nyuma likaniacha
kama halinijui.

Fundi Shaame alipiga magoti akalipapasa
kama ninavyopapasa mimba ya miezi minane:
vidole vikifanya kazi, macho ameyapeleka kwingine.
"Kashata zipo," nikajitetea.
"Zipo. Lakini soma hapa."
Tatu, moja, sufuri, nane.
Wiki ya thelathini na moja, mwaka elfu mbili na nane.
Mwaka huo Salhina wangu alikuwa ananyonya;
sasa anavaa viatu vyangu bila kuomba.
Karibu na rimu, nyufa nyembamba,
visigino vya kiangazi.
"Mpira hauishi kwa kukimbia tu," alisema.
"Hata kukaa kunaumaliza."

Dukani Wete, Asaa akanitolea pana, jeusi tii,
mistari yake hina ya bibi harusi.
"Chukua hili, daktari. Hata ng'ombe watakupisha."
(Mimi ni mkunga. Bei ndiyo hunipandisha cheo.)
Nililikumbatia. Nikalitamani.
Kisha nikafungua karatasi ya Shaame,
upana, kimo, rimu kumi na saba,
nikalirudisha.
Lingesugua fremu, lingekuwa zito kwenye kona,
na Mtambwe yote ni kona.
Nikanunua membamba, mbele na nyuma, na tyubu zake mpya,
kwa pesa za upatu
zilizokuwa na ahadi na kabati la vyombo.

"Wiki ya mwanzo beba mayai," Shaame akanionya.
"Jipya lina utelezi wa kiwandani, halijajua kushika."
Hilo sikuhitaji kuambiwa.
Nimewafundisha wakunga wapya.

Tangu siku hiyo napima presha mara mbili.
Alfajiri, tairi halijapata moto,
ishirini na tano mbele, thelathini nyuma.
Saa tatu, kwenye benchi la kliniki, mkono baada ya mkono.
Moja hushuka kimya, nyingine hupanda kimya,
na sijui ipi imezika watu wengi zaidi.

Siku ya nne, saa nane usiku, simu:
chupa imeshapasuka.
Mvua ya vuli. Shemeji wa mgonjwa amekuja kunichukua
na pikipiki ya mwezi uliopita, bado ina nailoni kwenye kiti.
"Panda yangu, bi mkunga, yako tutaifuata kesho!"
Nikamwambia atangulie.
Taa yake nyekundu ikamezwa na kona ya kwanza.

Breki zangu ni za ngoma, za kizamani.
Haziamrishwi. Huombwa,
na huombwa mapema, kabla ya kona,
wakati pikipiki imesimama wima na akili yako pia.
Ndani ya kona hakuna mazungumzo.
Nikakwepa mstari mweupe, unateleza kama sabuni.
Nikakwepa dimbwi, sikujua kina chake.
Kwenye udongo mwekundu nikashuka gia ya pili
nikaiacha itembee kama mama mwenye uchungu,
hatua, kisha pumzi.

Nilifika wa pili.
Shemeji alikuwa ukumbini anachechemea,
goti limechubuka, hasemi wapi.
Sikumuuliza; ndani nilikuwa naitwa.

Mtoto wa kike. Kilo tatu na robo.
Nilipompangusa niliona mabegani vinyweleo,
vile vya kuja navyo, vinavyoondoka vyenyewe.
Kulipokucha nikatoka kunawa.
Honda imeegemea ukuta, imejaa tope hadi shingoni,
na kwenye mbavu za tairi, chini ya matone,
vyake navyo vilikuwa bado vimesimama.