Kiingilio ni Macho

Dola mia mbili nilizikunja mara nne
nikazitia kwenye soksi ya kushoto,
maana mkoba ni mdomo wazi, na mimi najijua.
Mia na thelathini za basi la darajani, kwenda na kurudi.
Sabini zilizobaki ndizo utajiri wangu
katika mji unaohesabu kwa mamilioni.

Jumapili. Hong Kong, mama mwajiri bado amelala,
kikohozi cha mwanawe nimekiachia tangawizi ndani ya chupa.
Daraja refu kuliko novena za mama yangu kule Iloilo,
bahari huku na huku, rangi ya chai iliyozidi maziwa.

Mpakani Makau mabasi ya bure yamejipanga,
hili limechorwa taji, lile simba,
na wasichana wenye glavu nyeupe wanatuita
kana kwamba walitukosa jana.
Nikapanda la taji. Cha bure hakiulizwi njia.

Mlinzi alinitazama viatu, akanitazama uso,
ndipo akakumbuka kwamba analipwa kutabasamu.

Na ndani, jamani,
kuna mbingu.
Mtu ameipaka darini, mawingu manane (niliyahesabu),
chini yake mfereji wa maji ya buluu,
na kijana wa fulana ya mistari anapiga kasia
akiimba lugha isiyo yake kwa watu wasioijua.
Uje alfajiri, uje usiku wa manane,
pale ni alasiri tu, siku imekataa kuzeeka.
Macho hayana pazia. Nikayaacha yale.

Maji ya chupa, bure: nikachukua moja.
Chai ya maziwa, bure: nikanywa mbili.
Chooni karatasi laini kama shavu la kichanga,
nikakaa kupita haja.
Dada aliyekuwa akifuta alama za vidole kwenye bomba
akanisemesha lugha ya kwetu bila kugeuka:
"Wa wapi, mwenzangu?"
Divina. Miaka sita pale.
"Si dhahabu," akasema. "Ningeshaikwangua."

Ukumbini mzee mmoja akanigusa kiwiko.
Kikantoni chake cha polepole, kama anayemfundisha mtoto:
"Mkono wangu umechacha. Wako mpya. Bonyeza."
Kwenye kioo cha mashine, mia tatu na kumi,
mshahara wangu wa siku mbili.
Sichezi, nikasema.
"Nani kakwambia ucheze? Bonyeza."

Nikabonyeza.
Kengele, joka, yai la dhahabu,
vikazunguka, vikasimama, kila kimoja na lake.
Sufuri.

Nikangoja matusi.
Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.
"Ahsante. Sasa naweza kwenda nyumbani."

Ikawa njia yetu moja, kupanda vichochoro,
mawe meusi na meupe yamepangwa kama mawimbi,
hadi kwenye kanisa lililobaki uso.
Mgongo uliungua zamani; madirisha yake yanaonyesha mawingu,
na haya sikuyahesabu, hayakutulia.
Anaitwa Kuok. Fundi saa, miaka arobaini na mitatu,
hadi kijana akaja na simu yake akamuuliza saa ni ya nini.
"Kule ndani hukuona?" akaniuliza.
"Hakuna saa hata moja ukutani.
Mimi huenda kupumzika."

Nilinunua andazi moja la yai, dola kumi na mbili,
juu limeungua kidogo, katikati linatetemeka.
Nikalikata. Nusu yake ilikuwa kubwa.
Niliona. Nikanyamaza.

Usiku, basi la darajani, mji nyuma yangu
unawaka kama nyumba ambayo hakuna anayeizima.
Kwenye soksi, hamsini na nane.

Mtoto alikuwa macho, kifua kimelegea.
"Umeshinda nini?"
Nikampa ile chupa yenye taji.
Akanywa yote, akapangusa kidevu.
"Mbona ladha ya maji?"