Mgao wa Kipini

Mama alituachia mikorosho kumi na tisa kule Nanyamba,
deni la salfa, na kipini kimoja cha puani.
Mikorosho tuliigawa kwa kamba na kelele.
Deni hakuna aliyelidai fungu lake.
Kipini kikagoma: sisi watano, chenyewe punje.

Mimi ni fundi wa maabara ya chuo, Shangani,
mwosha chupa, mshika funguo za kabati la asidi.
Nikasema, nipeni. Nitakigawa sawa kwa sawa, hadi tone.
Somoe akaguna. Mchopa, aliyeshuka basi la Ruangwa
na vumbi la mashimo bado kwenye kope,
alinitazama kama mnunuzi mwenye mizani mbovu.

Asidi mbili zilikimaliza usiku mmoja.
Sitadanganya: kilipotoweka, nilikaa sakafuni.
Pua ya mama ilikipeleka harusini na msibani,
na sasa ni maji ya manjano ndani ya bika.

Kisha maji mengi, moto, chumvi ya ndimu.
Yakapauka. Yakafanya weusi, kama yamenuna.
Halafu, bila hodi, yakaiva:
nyekundu ya choya, ndoo nzima,
kutoka kwenye kitu ambacho kingepotea chini ya ukucha.

Nikawaeleza nijuavyo.
Humo mna chembe za dhahabu; elfu nne, tano,
zingepanga foleni kukatiza unywele mmoja.
Mwanga ukipita huzitikisa, kila chembe kivyake,
nayo hula kijani cha mwanga. Mashine imesoma
mia tano na ishirini. Makombo ndiyo wekundu huu.
Chumvi ya ndimu imezivika chaji ya aina moja,
na wenye chaji moja hufukuzana:
zinaelea, zinakwepana,
kama sisi tangu arobaini.
(Hilo la mwisho sikulisema.)

"Dhahabu naijua," akasema Mchopa. "Nimeilalia.
Haiwi nyekundu. Umeuza kipini, dada,
ukatupikia juisi."

Basi nikamimina glasi moja kutoka fungu langu,
nikachukua chumvi ya mezani,
ile ile ya kutilia kisamvu,
nikatia kijiko.

Wekundu ukashtuka. Zambarau,
kisha buluu, buluu ya wino wa mtihani,
kabla Somoe hajamaliza kusema yallah.
Chaji imefunikwa, chembe zimekumbatiana,
na mwanga haukuti tena mmoja mmoja;
unakuta kundi, mtikiso wa huyu unamvuta yule,
wimbi linarefuka, na sasa wanaula wekundu wenyewe.
Dhahabu ile ile, uzito ule ule.
Kilichozidi ni ukaribu.

"Haya, irudishe."

Hairudi.
Nilikoroga. Nikaongeza maji. Nikapasha.
Zilizoshikana zimeshikana. Kufika alasiri
zilikuwa masizi chini ya glasi,
na juu maji matupu, unaona ukuta wa pili.

Wakabeba madumu yao, lita mbili mbili.
Fatu alilifunga lake kwa khanga, kama mtoto.
Chitanda akauliza kama linafaa kwa presha.
Mchopa hakuaga. Lakini dumu alichukua.

Langu liko dirishani, jekundu bado.
Wanafunzi huuliza ni la somo gani.

Jana kapiga simu. Mtandao wa huko unakatika.
Dumu limegeuka, akasema. Sikutia chumvi, wallahi.
Nililifungua tu, usiku, nikaliinamia kidogo.
Akanyamaza. Nikamsikia akivuta kamasi.

Chozi haliwezi lita mbili; nimeshapiga hesabu,
nikairudia nyuma ya daftari la mahudhurio.
Labda dumu lilikuwa na mabaki ya kitu, au joto,
au alilitumbukizia kidole chenye jasho.
Hesabu hiyo sikumpa.

Nikamuuliza: buluu gani?
Akafikiri sana, hadi nikadhani salio limekwisha.
"Inaelekea zambarau," akasema.
"Haijatua chini bado."