Shimo la Kona ya Mkate

Miaka kumi na mmoja barabara hii
nimeisoma kwa makalio.
Tuktuk ina magurudumu matatu:
shimo ukilikwepa kwa la mbele, la nyuma litalipata.
Nikayajua yote, nikayapa majina.
Deni, mkabala na benki.
Mama Mkwe, ambalo ukilisalimia polepole halikudhuru.
Na lile la Kona ya Mkate, mbele ya tanuri la Mbarak Swaleh,
la kina, la ukingo mkali, lisilo jina
mpaka usiku ule wa mvua.

Nilimbeba Kadzo wa Muyeye,
ameshika chuma cha kiti kwa mikono miwili,
mumewe akikimbia nyuma na beseni.
Gurudumu likazama. Injini ikakohoa, ikanyamaza.
Hospitali ilikuwa dakika nne mbele yetu
na mtoto hakuwa na dakika nne.
Mbarak akatoka na taa, unga hadi viwikoni,
na mkasi wa kukatia magunia ya ngano,
akauchemsha katika sufuria ya chai.
Wakamwita Safari.
Shimo nalo likapata jina.

Juzi walikuja watu wa mashindano.
Usiku mmoja tu, lami ikifuka moshi,
na tulichokiomba kwa barua, kwa maandamano, kwa dua,
kwa migomba tuliyoipanda katikati ya njia,
kikaisha kabla ya adhana ya alfajiri.
Magari ya kasi hayapendi kutikiswa.
Sikuwa na neno.
Nilivua ndara nikaikanyaga:
ingali na joto, laini kama shavu.

Nikapewa kizibao, filimbi, posho ya siku mbili
na bendera ya manjano.
"Gari likipinduka, ipunge. Lisipopinduka, wewe ni nguzo."

Yakaja.
Sauti ilitangulia, ikanipiga kifuani,
kisha rangi, kisha harufu ya mpira ulioungua.
Sufuria za Bi Rukiya, aliyeamriwa asiwashe jiko,
zikalia zenyewe juu ya makaa baridi.
Juu ya paa, kinyozi ajuaye Kitaliano
aliwaita madereva kwa majina
kama mtu anayewadai.
Namba kumi na saba lilipita mahali pale
mara arobaini.
Lingebeba kikombe cha chai, kisingemwagika.
Na Safari, miaka saba, mapengo mawili mbele,
amekaa ukutani mwa tanuri, anahesabu mizunguko kwa vidole;
vikimwishia, anaazima vya mwenzake.
Mkono ulikufa ganzi. Hakupinduka mtu.

Saa nne usiku wakafungua njia,
vizuizi vikatupwa kwenye lori kwa kishindo.
Abiria wangu wa kwanza, mwalimu wa Barani,
mfuko wa samaki mapajani, kachelewa, kanuna.
Barabara tupu, imenyooka kama kanzu iliyopigwa pasi.
Kufika Kona ya Mkate, mkono wangu wenyewe
ukakata kulia, ukarudi kushoto, taratibu,
kama mtu anayempisha mgonjwa mlangoni.

"Wakwepa nini? Mbona hapana kitu!"

"Pana mtoto," nikamwambia.

Akatoa kichwa nje, akachungulia lami,
nami sikuongeza mwendo
mpaka tulipompita.