Ardhi Mbili

Nje ni digrii ishirini na mbili chini ya sifuri.
Ndani ya gereji ya Oiva, hapa Kokkola,
tumelala chali chini ya Volvo ya mraba,
kaka yangu na mimi, bega kwa bega,
mara ya kwanza tangu nyumba ya mama ilipouzwa.

Juzi alichomelea kishikizo kwenye bomba la moshi,
kimeelekea juu, mshale wa saa nane,
ili maji ya mvuke yasiidondokee sensa.
"Hii si kama ile ya kiwandani," anasema,
"ile inajua mawili tu: petroli nyingi, petroli haba.
Hii inapima pumzi yote.
Inajua karibu. Inajua bado kidogo."

Nakumbuka simu zetu za Aprili.
Unauza? Ndiyo. Hapana. Laini ikakatika.

Waya mwekundu unapita kwenye fyuzi, kisha rilei.
Mweupe ndiye mjumbe: hubeba volti,
toka sifuri hadi tano, mpaka kwenye kompyuta ya injini.
Mweusi ni ardhi.
"Ufunge popote," anasema. "Bodi yote ni ardhi."
Nikaufunga karibu na taa,
kwenye bolti pekee niliyoiona haina kutu.

Tukawasha. Volvo ikakohoa,
ikatema wingu jeupe hadi mlangoni.
Geji kwenye dashibodi: kumi na nne nukta saba.
Kompyuta, mapajani mwa Oiva: kumi na tano nukta tatu.
Pumzi moja, namba mbili.

"Petroli haitoshi," akasema,
kidole tayari kwenye kitufe cha kuongeza.
"Usiguse. Inatosha."
"Kompyuta haidanganyi."
"Na geji je?"
Tukatazamana kwa nyuso zile zile za Aprili.

Nikawasha taa kubwa, labda kuyakwepa macho yake.
Namba yake ikapanda: kumi na tano nukta nane.
Geji haikutikisika.
Tukanyamaza. Taa na moshi, wapi na wapi?

Akachukua mita.
Ncha moja kwenye bolti yangu,
nyingine kwenye bloku ya injini, ilikofungwa kompyuta.
Nusu volti na ushei.
Mkanda wa shaba kati ya bodi na injini
ulikwisha kuliwa na chumvi ya barabarani.
"Kumbe ardhi ni mbili," akasema.
"Ulisema popote."
"Nilisema."

Hakuongeza neno baada ya hilo.
Neno hilo moja nililingoja miezi kumi.

Tukaurefusha waya mweusi. Lehemu ikayeyuka,
ikatoa harufu ya utomvu wa msonobari,
ile ya baraza la mama wakati wa kiangazi.
Hakuna aliyeitaja.
Tukaufunga kwenye bolti ya kompyuta,
spana namba kumi na tatu, mkono wake juu ya wangu
kwa kuwa nafasi ni finyu, si kwa jingine.

Kumi na nne nukta saba.
Kumi na nne nukta saba.
Na taa zinawaka.

Jumapili atashindana juu ya ziwa lililoganda.
Anafuta vidole kwa kitambaa kilichokwisha kuchafuka.
"Walionunua," anasema, "wamepaka mlango rangi ya kijani."
"Nimeona."
"Umeona lini?"
"Hupita pale," nasema. "Kama wewe."

Akarudi kwenye kompyuta. Injini ilikuwa inapata joto,
namba zikicheza kidogo, zote mbili, pamoja.
"Kanyaga mafuta taratibu," akasema. "Tuone."